UZI: Viini 8, kufuli 1. Siti moja iliuzwa mara mbili, na nilipoitibu programu ikawa nzito kuliko mwanzo

FundiMitambo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Hii ishu nimeibeba kichwani muda mrefu, na naona vijana wengi wanaoandika programu sa hivi wanaipita juu juu tu, kwa hiyo leo ngoja niifungue yote. Itakuwa ndefu, vuta kiti.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuandika mfumo wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi ya mikoani. Mawakala wanauza kwa simu, wengine wako stendi wengine mitaani, seva moja inapokea maombi yote, na kwa kuwa nilitaka spidi nikaweka ramani ya siti zote kwenye memori, kila ombi linahudumiwa na thredi yake (mkondo wake wa kazi ndani ya programu), seva yenyewe prosesa yake ina viini 8, yaani sehemu nane zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Nikaijaribu nyumbani wiki nzima, safi kabisa.

Wiki ya pili ikiwa kazini napigiwa simu saa 11 alfajiri. Kuna mama ana mtoto mgongoni na kuna kijana na begi lake, wote wameshika tiketi ya siti namba 14, basi lile lile, tarehe ile ile, na tiketi zote mbili halali zimetoka kwenye mfumo wangu. Basi limejaa, konda hana pa kumpeleka yeyote. Mama akakaa, kijana akarudishiwa nauli akasubiri basi la mchana, na mimi nikabaki nimekodolea macho mistari miwili ya programu yangu: "kama siti 14 iko wazi, basi andika imeuzwa."

Hebu itazameni vizuri. Kuangalia ni tendo moja, kuandika ni tendo jingine, na katikati kuna mwanya. Kiini cha kwanza kimesoma "iko wazi", kabla hakijaandika kiini cha tatu nacho kimesoma "iko wazi", alafu vyote viwili vinaandika "imeuzwa" na vyote viwili vinatoa tiketi. Mwanya wenyewe ni nanosekunde chache, ndio maana nyumbani nikiwa peke yangu haukuonekana hata siku moja, ila ukiwa na mawakala wengi jioni ya kuelekea sikukuu, wote wanagombania basi moja, siku moja tu utakukuta.

Na wala sio lazima iwe siti. Hata kujumlisha moja kwenye hesabu, kitu unachokiandika kwa alama mbili tu (++), ndani ya prosesa ni hatua tatu: soma namba kutoka memori, ongeza moja, irudishe. Fanya jaribio hili leo usiku: thredi mbili, kila moja iongeze moja mara milioni moja kwenye namba moja ya pamoja. Ulitakiwa upate 2,000,000. Utapata pungufu, na ukirudia utapata pungufu nyingine tofauti na ile ya kwanza.

Tatizo hili ni la zamani kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la jinsi kompyuta nyingi zinavyoweza kupeana zamu kwenye kipande cha programu ambacho anatakiwa aingie mmoja tu, na yeye mwenyewe akasema la wawili lilishapatikana na mwenzake Dekker. Ndio huyo huyo Dijkstra aliyetuletea semafo, chombo cha programu cha kupeana zamu. Kwa upande wa mashine, IBM System/360 ya mwaka 1964 ilikuwa tayari na amri moja ya kupima na kuweka kwa mpigo, bila mwanya katikati.

Hapo kwenye "kwa mpigo" ndio penye roho ya jambo lote. Chukueni mfano wa nyumba ya kupanga yenye wapangaji nane na choo kimoja, ufunguo unaning'inia kwenye msumari ukutani. Ukiukuta umechukua, usipoukuta umesubiri. Inafanya kazi kwa sababu ufunguo ni mmoja, na kuuona na kuushika ni tendo moja la mkono, watu wawili hawawezi kuondoka nao wote. Sasa ungeweka ubao wa kuandika "kuna mtu" na "hakuna mtu", wawili wangesoma ubao kwa pamoja na wangekutana mlangoni. Programu yangu ilikuwa na ubao, haikuwa na ufunguo.

Nikaweka kufuli. Moja, kwa ramani yote ya siti. Tatizo la siti mbili likaisha siku hiyo hiyo. Kisha likaja la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya nianzishe uzi huu: viini 8 vikawa vinauza tiketi taratibu kuliko kiini kimoja. Sio sawa na kimoja. Taratibu kuliko kimoja.

Kipepeo_wa_Tanga

Mkuu hapo sijaelewa. Kama ni kufuli basi mmoja anafanya kazi na saba wanasubiri, sawa, si ndio itakuwa sawasawa na kiini kimoja? Inakuwaje chini ya hapo?

FundiMitambo (mleta uzi)

Dada Kipepeo umeuliza swali lile lile lililonikosesha usingizi.

Prosesa haisomi memori moja kwa moja kila mara, memori iko mbali, kuifuata ni kama nanosekunde 100 hivi. Kwa hiyo kila kiini kina kache yake ya karibu, yaani memori ndogo ya haraka, na vitu vinahamishwa humo kwa mafungu, kwa prosesa nyingi za Intel na AMD fungu moja ni baiti 64. Sasa kama fungu lile lile lina nakala kwenye kache nane, na kiini kimoja kinataka kuliandika, hakiruhusiwi kuandika tu kienyeji. Lazima kwanza kiwaambie wengine wote "futeni nakala zenu", kikabidhiwe fungu hilo peke yake, ndipo kiandike. Taratibu maarufu ya kulinda hilo inaitwa MESI, herufi nne za hali nne ambazo fungu linaweza kuwa nazo: limebadilishwa, ni langu peke yangu, tunalo wengi, halifai.

Na kufuli lenyewe ni nini? Ni namba tu ndani ya fungu moja la kache. Viini saba vinavyosubiri havijakaa kimya, vinajaribu kulishika bila kupumzika, na kila kujaribu ni kuandika, na kila kuandika ni kumnyang'anya mwenzio fungu. Linaruka huku na huku kama mpira wa chandimu. Mbaya zaidi yule mwenye kufuli akimaliza kazi anataka kuliachia, na kuliachia nako ni kuandika, kwa hiyo naye anaingia kwenye mbanano ule ule kulitafuta fungu alilonyang'anywa. Kiini kimoja peke yake hakina hizo safari, fungu linakaa kwake muda wote. Ndio maana kinawashinda nane.

Dawa ya kwanza ndogo: anayesubiri asijaribu kuandika, asome tu mpaka aone limeachiwa, ndipo ajaribu. Kusoma wote mnaweza kuwa na nakala bila ugomvi. Inasaidia sana, ila likiachiwa wote saba wanaosubiri wanakurupuka kwa pamoja.

mzee_wa_keneli

Mwanangu FundiMitambo, umeeleza vizuri, niruhusu niongeze ya Linux maana nimeishi nayo.

Linux ilipoanza kukubali prosesa nyingi rasmi, toleo la 2.0 mwaka 1996, walifanya kama wewe: kufuli moja kubwa kwa keneli nzima, yaani ule moyo wa mfumo endeshi. Aliyeingia ndani ya keneli amelishika, wengine wanasubiri nje. Kwa mashine za prosesa mbili ilikuwa inavumilika. Kulitoa lile kufuli ndio kazi, walikuwa wanalichanachana kipande kwa kipande, huku mafaili, kule mtandao, na la mwisho liling'olewa toleo la 2.6.39 mwaka 2011. Hesabu mwenyewe, miaka 15. Kwa hiyo kijana asione aibu kuanza na kufuli moja, ila ajue deni hilo analipa nani na lini.

La pili ni haki. Kufuli la kukurupukia halina foleni. Aliye karibu na fungu la kache ndiye analipata, tena na tena, mwenzake wa upande wa pili wa mashine anakufa njaa. Nick Piggin alilionyesha hilo kwenye mashine ya Opteron (prosesa ya AMD) ya viini 8, kuna thredi zilichukua muda mara mbili ya wenzao kwa kazi ile ile. Ndio mwaka 2008, kwenye 2.6.25, wakaweka kufuli la namba: unachukua namba yako kama benki, unasubiri iitwe. Wazo la namba Leslie Lamport alishaliandika mwaka 1974.

FundiMitambo (mleta uzi)

Shikamoo mzee, asante sana, hapo kwenye foleni ndipo nilipotaka kufika.

Kufuli la namba lina haki ila bado lina kasoro, wote wanatazama kibao kimoja. Namba ikibadilika kibao kimebadilika kwa wote, kache zote zinafutwa na zote zinasoma upya, wakati anayehusika ni mtu mmoja tu.

Sasa fikirieni zahanati zetu ambazo hazina kibao cha namba. Ukifika mlangoni unafanya nini? Unauliza "jamani nani wa mwisho hapa?" Mtu ananyoosha mkono. Unamwambia "haya, mimi niko nyuma yako", unakwenda kukaa popote unapotaka, hata nje chini ya mwembe. Wewe huhitaji kujua foleni ina watu wangapi wala kutazama mlango wa daktari. Unachojua ni mtu mmoja tu, naye akitoka anakuita, "haya zamu yako". Foleni nzima inakwenda bila mtu kuisimamia.

Hivyo hivyo ndivyo linavyofanya kazi kufuli la MCS, la John Mellor-Crummey na Michael Scott, mwaka 1991. Kuna sehemu moja tu ya pamoja, inayosema nani wa mwisho. Kiini kikifika kinabadilishana nayo kwa mpigo mmoja, kinaweka jina lake na kuondoka na jina la aliyekuwepo. Kinamwambia huyo "niko nyuma yako", alafu kinasubiri kikitazama kijisanduku chake chenyewe, kilichomo kwenye kache yake, hakimsumbui mtu. Wa mbele akimaliza anaandika kwenye kijisanduku cha wa nyuma, safari chache tu za fungu la kache kwa kila zamu, haziongezeki hata muwe viini 100. Keneli ya Linux tangu 4.2 ya mwaka 2015 inatumia jamaa yake wa karibu. Kwa kweli mimi nilipolielewa hili nililipenda kuliko kitu chochote nilichosoma kwenye kompyuta, maana bibi zetu kliniki walikuwa wanalifanya kila asubuhi.

Mbwambo_dev

Kiongozi, kwani wasilale tu? Anayesubiri alazwe, prosesa ifanye kazi nyingine, aamshwe zamu ikifika.

FundiMitambo (mleta uzi)

Wanalazwa mkuu, ndio mutex (makufuli ya kawaida ya kwenye programu) zinavyofanya. Ila kulala na kuamshwa kunapitia keneli na kuna gharama ya maikrosekunde kadhaa. Kama mwenye kufuli atamaliza ndani ya nanosekunde 50, huna haja ya kutandika kitanda, simama hapo mlangoni. Kama anakwenda kuandika kwenye diski, lala. Mutex nyingi za sa hivi zinasimama kidogo kwanza, zikiona inachelewa ndio zinalala.

Bi_Hesabu

Samahani kaka, mimi naandika mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nimegawa makufuli kama alivyosema mzee, kila akaunti na lake. Mara moja moja mfumo unaganda kabisa, prosesa haifanyi chochote, hakuna kosa linaloandikwa. Nikiuzima na kuuwasha unaendelea.

FundiMitambo (mleta uzi)

Bi Hesabu, ngoja nikisie: inatokea watu wawili wakitumiana pesa kwa wakati mmoja, huyu kwa yule na yule kwa huyu?

Bi_Hesabu

Subhanallah. Ndio. Mara ya mwisho walikuwa mtu na dada yake.

FundiMitambo (mleta uzi)

Basi ni mkwamo huo. Thredi ya kwanza imeshika kufuli la kaka inataka la dada, ya pili imeshika la dada inataka la kaka. Kila mmoja anangoja mwenzie aachie, na hakuna atakayeachia mpaka mwisho wa dunia. Mimi yalinikuta kwenye kumhamisha abiria kutoka safari hii kwenda ile.

Tiba yake ni ya kuamua mara moja na kuishika: ukihitaji makufuli mawili, shika kwanza la akaunti yenye namba ndogo, siku zote, bila kujali nani anatuma na nani anapokea. Mzunguko hauwezi kufungika tena. Keneli ya Linux ina kitu kinaitwa lockdep tangu 2006 kinachokaa kinatazama mpangilio huo na kupiga kelele hata kabla mkwamo haujatokea.

mzee_wa_keneli

Na kuna mkwamo mwingine unaojificha, wa vyeo. Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kimetua salama Mars, siku chache baadae kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Hiyo ilikuwa prosesa moja tu, ila somo ni lile lile. Kazi ya cheo cha chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya cheo cha juu inalitaka, inasubiri. Katikati inaingia kazi ya cheo cha kati isiyohusika na kufuli hata kidogo, ila kwa kuwa imemzidi cheo yule mdogo inampokonya prosesa. Mdogo hawezi kumaliza ili aachie, mkubwa anasubiri, mlinzi (sehemu ya mfumo inayochunga kazi zisikwame) anaona mkubwa yuko kimya anazima mashine yote. Wahandisi walilirudia tatizo duniani kwenye pacha wa kile chombo, wakalikuta. Tiba ilikuwa ni kuwasha kitu kimoja kwenye mfumo wao: mwenye kufuli aazimwe cheo cha mkubwa anayemsubiri mpaka amalize. Wakatuma badiliko huko huko Mars.

Mbwambo_dev

Umetisha mzee. Mimi naona bora kuachana na makufuli kabisa, siku hizi kuna miundo isiyo na kufuli, naona watu wanaisifia sana.

FundiMitambo (mleta uzi)

Hapa naomba nitofautiane na wewe mkuu, kwa nia njema kabisa. Ukitumia amri ya linganisha-na-badilisha (andika kwa mpigo, ila tu kama thamani haijabadilika tangu uisome) badala ya kufuli, fungu la kache bado ni moja na viini bado vinane vinaligombania. Umeondoa hatari ya mtu kulala na ufunguo mfukoni, hujaondoa msongamano. Gharama kubwa iko kwenye kugombania kitu kimoja, uwe na kufuli usiwe nalo.

Mimi nilichofanya mwisho wa siku ni hiki. Kwanza, kila safari ikapata kufuli lake, kwa sababu anayeuza siti ya Mbeya hana sababu yoyote ya kumsubiri anayeuza ya Arusha. Hilo peke yake lilimaliza sehemu kubwa. Pili, kulikuwa na hesabu ya tiketi zilizouzwa leo, kila mauzo yanaiongeza moja, nikaivunja kuwa hesabu 8, kila thredi na yake, bosi akitaka jumla tunajumlisha zote.

Na hapo nikaingia shimo jingine ambalo lazima niwaonyeshe. Hesabu 8 nilizipanga mfululizo kwenye safu moja, kila moja baiti 8. Nane mara nane, 64. Zote zimeingia ndani ya fungu moja la kache! Kwa macho yangu hakuna thredi inayogusa kitu cha mwenzake, kwa macho ya prosesa wote wanaandika kitu kimoja, na mpira wa chandimu ukaendelea kama kawaida. Niliacha nafasi tupu katikati, kila hesabu ikakaa kwenye baiti 64 zake peke yake, na spidi ikaja siku hiyo hiyo. Sikubadilisha hesabu hata moja ya programu, nilibadilisha umbali tu. Mashine za Apple za M1 na kuendelea fungu ni baiti 128, kwa hiyo angalia yako.

simu_na_kompyuta

Naomba niongeze tahadhari kwa wanaoandikia simu. Simu nyingi za kawaida zina viini 8 vya ARM, aina ya prosesa tofauti na ya Intel. Mimi nilikuwa naandika data, alafu naweka alama "tayari", thredi ya pili ikiona alama inasoma data. Kwenye laptop ya Intel haijawahi kukosea. Kwenye simu inaona alama, inasoma data ya zamani.

FundiMitambo (mleta uzi)

Kweli kabisa, na ni kwa sababu ARM inaruhusiwa kuonyesha maandishi yako mawili kwa mpangilio tofauti na ulivyoyaandika, Intel hairuhusiwi kwa hali hiyo. Hata kompaila, ile inayogeuza programu yako kuwa amri za prosesa, nayo inaweza kuyapanga upya. Tumia atomiki za lugha yako (vigezo vya kusomwa na kuandikwa kwa mpigo), alama iandikwe kwa kuachia (release) na isomwe kwa kupokea (acquire). Neno volatile la C halitakuokoa, la Java linafaa. Ukitumia mutex ya kawaida kazi hiyo inafanywa humo humo ndani.

Kipepeo_wa_Tanga

Mkuu nimefanya lile jaribio la thredi mbili, milioni moja moja, C, bila kufuli. Nimerudia mara kumi. Nimepata 2,000,000 kamili zote kumi. Mbona sioni kosa?

FundiMitambo (mleta uzi)

Dada, ulikompaili na -O2, ile ya kuiambia kompaila iharakishe programu?

Kipepeo_wa_Tanga

Ndio, nimezoea kuiweka.

FundiMitambo (mleta uzi)

Kompaila imeona unaongeza moja mara milioni, ikakufupishia ikaongeza milioni kwa mpigo. Thredi ya kwanza imemaliza kabla ya pili haijaamka, hawakukutana. Kosa bado lipo, mwanya umekuwa mdogo tu. Weka -O0 (isiharakishe chochote) urudie. Alafu weka -fsanitize=thread, hiyo itakuonyesha mstari wenyewe hata kama jibu limetoka sahihi. Kwa ule ugonjwa wa hesabu nane kwenye fungu moja, kwenye Linux kuna perf c2c, inakuonyesha fungu gani linarushwarushwa na nani anahusika.

Kipepeo_wa_Tanga

-O0: 1,083,412. Nimerudia: 1,147,906. Nimerudia tena: 1,021,775. Kila mara jibu lake. Na ile sanitize imenionyesha mstari wa 9, ndio huo huo wa kuongeza moja.

FundiMitambo (mleta uzi)

Safi sana. Sasa weka kufuli, pima muda. Kisha toa kufuli, kila thredi na hesabu yake zikae jirani, pima. Kisha ziachanishe baiti 64, pima tena. Lete namba zote tatu hapa tuzitazame pamoja.